Sifuri za mwezi wa Mei

Nilihitaji vipimo vya mvua vya kila siku, si vya mwaka. Kazi yangu ni maji: matangi, mifereji ya paa na majabia ya visiwani kwetu. Amu mjini tuna bahati ya vilima vya mchanga vya Shela vinavyohifadhi maji matamu chini yake. Visiwa vya juu, Pate na Ndau, havikujaliwa hivyo. Kisima ukikizidisha kina kidogo tu kinageuka chumvi, na tangu enzi za wazee watu wanakinga mvua kwa jabia, yaani sakafu pana inayoteremsha maji kwenye shimo lililojengewa na kufunikwa. Siku hizi shule nyingi zinataka tangi la maji ya paa, na wakitaka kujua ukubwa wake huniita niwapigie hesabu.

Hesabu yenyewe haina uganga. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 250 linapokea lita 250 kwa kila milimita. Toa kinachorukia nje na kinachokaushwa na bati la moto, zimebaki kama 200. Chukua shule yenye watoto 200, kila mtoto lita tatu kwa siku, ni lita 600. Sasa mtu mwenye wastani wa mwaka pekee, tuseme milimita 900, atagawa kwa miezi 12 apate 75, azidishe, aone paa linaleta lita 15,000 kwa mwezi na shule inataka 18,000. Atasema tangi dogo linatosha, huo upungufu mdogo watajaza kwa mitungi. Ukipita visiwani mwezi wa Februari ukagonga matangi kwa kidole, utasikia mangapi yalijengwa kwa hesabu ya namna hiyo.

Mvua yetu haigawanyi sawasawa. Masika inamwaga Aprili na Mei, na Mei ndiyo yenyewe. Mchoo wa Julai unalowesha nguo zilizoanikwa, basi. Vuli ina mwaka wa kuja na mwaka wa kuchepuka. Halafu kaskazi inashika, na kuanzia mwisho wa Desemba hadi katikati ya Machi unakaa unatazama mawingu yanapita kwenda kwa wenyewe. Siku 100 za lita 600 ni lita 60,000, na hilo ndilo tangi la kweli. Lakini ni siku 100, au 80, au 120? Wastani haujui. Unataka orodha ya siku baada ya siku, miaka mingi mfululizo, uone kiangazi kirefu kilifika wapi.

Kuna na hesabu ya pili, ya mfereji wa bati unaopeleka maji tangini. Kwa mfereji hata siku nzima ni ndefu mno. Mvua ya milimita 40 ikinyesha taratibu kutwa, mfereji mwembamba unaibeba yote. Milimita 40 hizo hizo zikipiga kwa nusu saa, maji yanaruka mfereji yanaanguka ukutani, na tangi linabaki robo. Kwa hiyo nilitaka vitu viwili: jumla za kila siku za miaka mingi, na vipimo vya dakika chache chache. Cha pili hukipati ila kwenye kituo kinachojiendesha chenyewe.

Wako watakaouliza kwa nini nisichukue tu za setilaiti, maana zinapatikana bure. Nimezichukua, na ninazitumia. CHIRPS inayotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inaanzia 1981 na miraba yake ni ya kama kilomita tano. ERA5, ambayo si setilaiti tupu bali ni hesabu ya kompyuta inayojenga upya hali ya hewa ya zamani kwa vipimo vya kila aina, inarudi hadi 1940, tena saa kwa saa, ila mraba wake ni wa kilomita 31 hivi, na ukiuweka juu ya ramani yetu unameza kisiwa, mkondo na kipande kikubwa cha bahari kwa pamoja. Tena setilaiti za namna ya CHIRPS zinakisia mvua kwa ubaridi wa kilele cha wingu. Wingu likipanda juu sana likawa baridi, linahesabiwa lina mvua. Manyunyu yetu ya kusi mara nyingi yanatoka kwenye mawingu ya chini, yenye joto, na yanalowesha vizuri tu huku setilaiti imeyadharau. Kwa picha ya miaka mingi zinafaa. Kumwambia fundi akate bati kwa upana gani, hapana.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina vituo vyake Lamu na Malindi, vyenye namba za kimataifa 63772 na 63799. Jumla za siku za tangi niliziomba huko, kwa barua, na kuna ada kulingana na unachoomba. Hilo halikuwa na hadithi. Hadithi ni ya dakika tano tano, ambazo nilisikia zipo kwenye kituo kimoja cha utafiti upande wa Malindi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema yako kwenye vituo vingi, na waliopo pale wamenitendea wema.

Barua pepe ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba imepokewa. Nikangoja mpaka mwisho nikaamua kwenda mwenyewe: boti hadi Mokowe, basi la alfajiri kupitia Hindi, Witu na Garsen. Ukikaribia Malindi unavuka daraja la Sabaki, na siku hiyo mto ulikuwa umejaa, mwekundu, umeipaka ghuba yote rangi ya matope. Abiria wa nyuma yangu akasema Malindi imepigwa na mvua. Barabara ilikuwa na vumbi. Yale maji yanatoka bara, kwenye Athi na vijito vyake, na mto unaweza kufurika huku mkulima wa Malindi anaangalia mahindi yake yanakauka. Ninamkumbuka abiria yule kila mtu anaponiambia mvua inaonekana kwa macho, data ya nini.

Ofisini nilipokewa na kijana mpole, afisa wa data. Tulipomaliza kuulizana hali akaniambia wazi, "Dada, hii data si siri. Ila watu wametuchosha." Tukanywa chai, akanieleza. Mgeni anakuja anachukua miaka yote ya kituo, anaondoka, baada ya muda maandishi yanatoka na kituo hakikutajwa hata kwa mstari mmoja. Au mtu anapewa kwa ajili ya masomo, kesho unaikuta data imeshapitishwa kwa kampuni. Kituo kinalipa betri, laini ya simu na mtu wa kukata nyasi, na mkubwa wa juu akiuliza faida iko wapi, hawana karatasi ya kumwonyesha. Ndiyo maana barua fupi ya "naomba data ya hali ya hewa" inawekwa chini ya nyingine.

Niliona haki yao. Hapo hapo mezani tukaandika ombi upya, na tangu siku hiyo ndivyo ninavyoandika popote ninapokwenda: vipimo gani hasa (mvua, joto, unyevu, jua, upepo), tangu lini hadi lini, kwa dakika ngapi ngapi, kwa kazi gani, nani ataona matokeo, na mimi nitarudisha nini. Tukaongeza kwamba sitampa mtu wa tatu, na nakala ya hesabu zangu itabaki kituoni. Mkubwa wake akatia sahihi kabla ya adhuhuri, nikaondoka na faili kwenye flashi.

Sasa faili. Mashine za namna hii zina paneli ndogo ya sola, betri, kisanduku cha kunasa data na laini ya simu ya kuituma. Kipimamvua chake ni faneli ambayo chini yake kuna vikombe viwili vidogo vilivyokaa kama pembea. Kimoja kikijaa kinapinduka, kinamwaga, cha pili kinaingia chini ya tone. Kila kinapopinduka mashine inahesabu milimita 0.2. Haipimi maji, inahesabu mapinduko. Ndiyo maana isipohesabu kitu inaandika sifuri, na hiyo sifuri haina tofauti yoyote na sifuri ya siku ya jua.

Betri ikifa mambo ni afadhali, kwa sababu faili linaonyesha pengo, au linaweka namba ya ajabu kama -9999 ambayo hata mtoto ataishtukia (mradi usiiachie kompyuta ikaijumlisha). Kilichonistaajabisha ni Mei ya mwaka mmojawapo. Mashine haikuzimika hata saa moja. Mistari yote imejaa, haina pengo. Na mvua: sifuri, sifuri, sifuri, wiki baada ya wiki, Mei, katikati ya masika, Malindi.

Mtu akikuonyesha safu ya mvua peke yake unaweza kuamini, kwani miaka mibaya ipo. Ila nilikuwa nimeomba na safu nyingine, na hizo zilikuwa zinashuhudia kinyume. Unyevu ulikuwa juu ya 90 mchana na usiku. Safu ya jua ilikuwa imeanguka, siku nzima mwanga ni wa wingu zito. Joto la mchana lilikuwa limeshuka kwa nyuzi kadhaa halafu likakaa pale. Hiyo ni siku ya mvua, utake usitake. Mbele kidogo likaja jambo la ajabu zaidi: 0.2, baada ya muda 0.2 tena, halafu tena, kwa mpangilio, usiku na mchana, hata saa sita ya adhuhuri wakati safu ya jua inaonyesha jua la utosi. Hakuna mvua inayonyesha hivyo.

Niliporudi, afisa alitazama akacheka kidogo, akasema, "Hilo mwulize mzee."

Mzee mwenyewe aliajiriwa zamani kukata nyasi za kituo. Akafundishwa kusoma vipima, na ndiye anayevisoma mpaka leo. Nilimkuta uani amevaa kikoi na shati la kazi, akifagia chini ya kile kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za kupitisha hewa, mahali vipimajoto vinapokaa. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya Mei. Hata hakunisubiri nimalize. Alinyoosha kidole juu, kwenye mvinje.

"Huo ulikuwa mche wakati mashine inaletwa, mwanangu. Sasa tazama."

Akaizungusha faneli ya mashine, akaitoa, akanionyesha ndani. Vijani vya mvinje, vile vyembamba vilivyokauka, vilikuwa vimelala kwenye shingo ya faneli, vimeshikana na vumbi la chumvi, na pembeni nyigu alikuwa ameanza kujenga kwa udongo. Akavichokoa kwa kijiti cha mbavu ya mnazi. Maji yakikutana na ule mchanganyiko, alisema, kwanza yanapita, halafu yanakwama kabisa, faneli inajaa mpaka mdomoni inafurika nje. Mvua ikikatika, yale yaliyobaki yanachuja tone kwa tone kwa siku kadhaa. Ndiyo zile 0.2 zangu za jua kali.

"Hii haisemi uongo," akaniambia, akiirudisha. "Ila haijui kama imeziba."

Hatua chache pembeni kuna kipimamvua cha zamani, cha shaba, faneli ya inchi tano, chini yake chupa. Hiki hakina umeme wala laini ya simu. Saa tatu asubuhi mzee aliinama, akatoa chupa, akamimina kwenye glasi ndefu nyembamba yenye alama, akaiweka juu ya kijukwaa cha saruji, akachutama mpaka jicho likalingana na maji. Maji ndani ya glasi yanapanda pembeni na kubonyea katikati, na kinachosomwa ni ule ubonyeo wa chini. Akasoma, akanipa na mimi nisome, akauliza nimepata ngapi. Tulipatana. Akaandika kwa kalamu ya wino, akaitia glasi kifuniko.

Nikaomba kuona daftari. Kwenye barua yangu sikuwa nimelitaja, maana hakuna aliyeniambia lipo, na afisa mwenyewe alisema hakuna mtu anayeliomba. Lilikuwa kwenye kabati la bati, pamoja na wenzake wa miaka ya nyuma, majalada yamevimba kwa unyevu. Kila siku mstari mmoja: tarehe, mvua, joto la juu, la chini, na mwisho kabisa safu ya maelezo. Hiyo safu ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiitafuta bila kujua jina lake. "Mvinje umeziba mashine, nimesafisha." "Mashine imeziba tena." "Nilikuwa matangani, amesoma mlinzi." "Glasi imevunjika, natumia ya stoo." Ile Mei yangu ya sifuri ilikuwa pale, mvua yake imeandikwa siku kwa siku kwa mwandiko wa mzee, na ilikuwa masika ya kawaida kabisa.

Hiyo glasi ya stoo nataka nikae nayo kidogo. Glasi ya kupimia mvua haiandikwi alama kwa mililita, inaandikwa kwa milimita za mvua, na alama hizo zimetengenezwa kwa faneli ya upana fulani. Faneli ya inchi tano ina mdomo wa sentimita za mraba 127 hivi. Ya inchi nane ina 324. Milimita 10 za mvua kwenye ya inchi tano ni mililita 127 za maji. Ukiyamimina maji hayo kwenye glasi ya inchi nane, itakuambia 3.9. Yaani mvua nzuri imegeuka manyunyu, na aliyesoma amesoma sawasawa kabisa. Nilipomuuliza mzee glasi ya stoo ilikuwa ya upana gani, alikwenda akaileta. Ilikuwa imeandikwa chini: inchi nane. Basi kuanzia mstari wa "glasi imevunjika" mpaka mstari unaosema mpya imeletwa, kila namba nilizidisha kwa 2.56. Bila yale maneno machache ya pembeni, kipindi hicho kingeonekana ni ukame, na mtu angekiandikia sababu za kila aina.

Afisa aliniruhusu kupiga picha kurasa, kwa sharti kwamba nikishaziingiza kwenye kompyuta nakala irudi kituoni. Nilizipigia barazani, mwanga wa asubuhi, kila picha na kikaratasi cha mwezi na mwaka pembeni, kwa sababu mwandiko wa Mei na wa Juni ni ule ule na simu inachanganya. Nyumbani Amu nilikaa na mtoto wa dada yangu, yeye anasoma kwa sauti, mimi naandika, halafu tunabadilishana. Mzee alikuwa na desturi ya kujumlisha mwezi chini ya ukurasa. Hiyo jumla ni hazina: ikilingana na ya kompyuta, ukurasa umepita, isipolingana, kuna 1 iliyosomwa 7, au nukta imekaa pasipo pake. Mahali pawili au patatu aliyekosea ni mzee katika kujumlisha, na nilipompigia simu alifurahi zaidi kuliko angesikia yuko sawa.

Kulinganisha daftari na mashine nako kuna mtego wake, wa saa. Mzee anasoma saa tatu asubuhi. Simu yangu inasema 09:00. Mashine inaandika 06:00, kwa sababu imewekwa kwenye saa za dunia, na hiyo ndiyo saa ambayo vituo vyetu vyote husoma mvua. Zote tatu ni dakika moja ile ile. Lakini siku ya mzee inaanza saa tatu asubuhi na kuishia saa tatu ya kesho yake, wakati siku ya faili inafungwa saa sita usiku ya dunia, ambayo kwetu ni saa tisa ya usiku. Na mvua ya pwani inavyopenda kupiga usiku wa manane na alfajiri! Mvua ya saa nane usiku kuamkia Jumanne, mashine inaiweka Jumatatu, mzee anaiweka Jumanne. Ya Jumanne jioni, mashine inaiweka Jumanne, mzee Jumatano. Ukipanga safu mbili pembeni ya nyingine utadhani vyombo vimegombana.

Dawa yake ni rahisi ukiwa na zile dakika tano tano: unazijumlisha upya kuanzia 06:00 hadi 06:00 ya faili, na vyombo vinapatana. Ukiwa umepewa jumla za siku tu, umekwama, na ndiyo sababu nyingine ya kuomba vipimo vidogo vidogo hata kama huvihitaji. Kisha mzee akanidokeza jingine. Aliyesoma kabla yake alikuwa anairudisha mvua ya asubuhi kwenye tarehe ya jana, kwa hoja kwamba saa nyingi za siku hiyo zilikuwa za jana. Yeye anaiandika tarehe anayosoma. Desturi zote mbili zipo na zina wenyewe, lakini daftari halikuandika popote kwamba desturi imebadilika. Inabadilika tu pale mwandiko unapobadilika. Kwa tangi haidhuru, kiangazi cha siku 100 hakiharibiki kwa kusogea siku moja. Kwa mtu anayefuatilia mafuriko ya tarehe fulani, inadhuru sana.

Upepo sikuutumia. Kipimaupepo cha kituo kiko juu ya nguzo, lakini ule mvinje umekua nacho, na kanuni ni kwamba kizuizi kiwe mbali angalau mara kumi ya urefu wake. Ukitazama faili mwaka kwa mwaka utaona kusi inapoa polepole. Atakayeandika kwamba pepo za Malindi zinapungua, aanze kwa kuuliza mti umepandwa lini. Nimemwambia afisa, naye anasema mti una kivuli na wafanyakazi wanakula chakula cha mchana hapo. Mwenye nia ya kuukata bado hajazaliwa.

Mwisho hesabu yangu ilisimama hivi. Tangi nililipima kwa jumla za siku za kituo cha Lamu, maana mvua inapungua ukifuata pwani kuelekea mpaka wa Somalia, na jumla za Malindi zingetudanganya kwamba tuna nyingi. Daftari la mzee lilinisaidia kuona kama miaka mibaya ya huku na huko inakwenda pamoja. Mfereji niliupima kwa mipigo ya dakika tano ya mashine. Wiki zile za Mei niliziacha wazi. Daftari lina jumla za siku, halina dakika, na kuziba pengo la dakika kwa namba za setilaiti ningekuwa ninajitungia. Maana yake mpigo mkubwa kuliko yote huenda ulinyesha wakati faneli imeziba. Tena vikombe vya mashine, mvua ikipiga kwa nguvu sana, vinapitwa na maji vikiwa katikati ya kupinduka, vinahesabu pungufu. Kwa sababu hizo mbili niliongeza upana.

Fundi wa mabati alikuwa ameshapanga mfereji wa inchi nne na bomba moja la kuteremshia maji kila upande. Nikamwambia inchi sita, mabomba mawili. Akauliza nani kasema mvua itapiga hivyo. Nikamfanyia hesabu kwenye vumbi la ua: vikombe vikipinduka mara 50 ndani ya dakika tano ni milimita 10, upande mmoja wa paa ni mita za mraba 125, basi ni lita 1,250 zinazotaka kupita kwenye mfereji wako kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Akanyamaza akaangalia bati lake. Mwalimu mkuu yeye aliuliza tofauti ya bei tu. Kamati ilikaa Ijumaa baada ya sala, ikakubali inchi sita na bomba moja kila upande. La pili likangojea michango ya wazazi baada ya Idi.